Mama Anajua Kiganda

Alhamisi, Burumba

Sijui hata nianzie wapi, kwa sababu shida yenyewe ilikuwa antena tu.

Mwezi huu nimeacha kulipia king'amuzi. Niliogopa Mama atalalamika, maana tangu tumzike Baba, yeye hukaa mbele ya runinga kutwa nzima bila kusema neno. Leo fundi amefunga antena ya kawaida juu ya mabati. Ikashika stesheni za Uganda, hapo ng'ambo ya mpaka, za bure, zote Kiganda. Nikamwambia aigeuze itafute za huku kwetu.

"Wacha hapo hapo," Mama akasema.

Kulikuwa na mchezo wa kuigiza, mwanamume anamdanganya mkewe. Mimi sikuelewa kitu. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamjibu yule mwanamume kwa Kiganda, haraka haraka, kama anayegombana na jirani.

Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia akiongea Kiganda. Kwetu ni Kiteso na Kiswahili.

"Mama, hiyo lugha ulijifunzia wapi?"

"Jinja. Nilikaa huko miaka sita."

"Lini? Na nani?"

"Kabla ya baba yenu." Akanyoosha mkono. "Hebu ongeza sauti."

Nikaongeza. Nimefurahi kumwona akicheka, kweli nimefurahi. Lakini miaka sita! Baba alijua? Na nikiuliza tena, si atarudia ule ukimya wake?

Nikakaa kando yake. Nikamuuliza yule mwanamume amesema nini, naye akanitafsiria mpaka mchezo ukaisha.