Mwanamke wa Gauni la Njano

Baba Watoto,

Huku hatujambo. Cherehani imetengemaa, na mwanao mdogo ameota jino.

Maneno yako magumu ya Kiingereza, kila moja na sentensi yake ya mfano, yananifika kila wiki, nami nayakariri huku nashona, kama tulivyoahidiana ulipokwenda kusoma. Zamani sentensi zako za mfano zilinihusu mimi. Hata uliponifanya mfano wa ukaidi, nilicheka peke yangu. Siku hizi kila neno lina mwanamke wa gauni la njano: mara kanyeshewa, mara kanuna, mara anabembelezwa.

Mimi ni fundi nguo, na sijawahi kujishonea gauni la njano.

Wiki hii usinitumie neno. Nitumie vipimo vyake, nimshonee gauni jingine. Najua unavyo.

Mkeo wa mifano ya zamani.