Mume Wangu Anataka Tukaione Ulaya Kwenye Barafu, na Wifi Keshavaa Koti

Mshauri wangu, salamu kwanza, maana hata aliyebanwa hakosi adabu. Shida yangu ni ya kuchekesha kwa asiyekuwa nayo, kwa hiyo cheka ukimaliza, kisha unisaidie.

Mimi ni msusi, nina saluni yangu ndogo, na mume wangu ni mwalimu wa udereva, yule anayekaa upande wa abiria na pedali yake ya akiba, ndiyo maana mtaani wanamwita Breki. Watoto wetu wametoka nyumbani wote, wa mwisho aliolewa mwaka jana, na tangu aondoke nyumba ilikuwa kimya mpaka jokofu likinguruma unashukuru kwamba kuna mwenzenu, kwa sababu baba watoto hurudi kutoka kazini ameshayamaliza maneno yake kwa wanafunzi, punguza mwendo, tazama kioo, shika upande wako, akifika kwangu amebakiwa na neno moja, "Chumvi," nami nampa chumvi, na mazungumzo ya siku yamekwisha.

Basi siku moja tunakula akanisogezea simu, akanionyesha picha za mji mmoja mkubwa wa Ulaya, jina silitaji kwa sababu wifi yangu anasoma ukurasa huu kuliko mhariri wake, mji una mnara wa chuma na mto na madaraja, kote theluji imelala kama pamba iliyomwagika, akasema, "Mama, twende tukaone." Nikacheka, yeye hakucheka. Kumbe ameweka akiba muda mrefu bila kuniambia, na ameshaulizia mpaka tiketi.

Nikamwuliza kwa nini tuende wakati wa baridi kali, mtu mzima unaacha jua lako unakwenda kutafuta mafua kwa ndege. Akanijibu kitaalamu kabisa, "Wakati huo hakuna foleni. Wenyeji wenyewe wanajifungia ndani, mji wote utakuwa wetu." Mshauri, hakuna kati yetu aliyefikiri kuuliza kwa nini wenye mji wao wanajifungia ndani.

Lakini sitasema uongo, tangu siku ile nyumba yangu imebadilika. Kila tukimaliza kula tunakaa kochi moja, simu moja, na miwani ya kusomea moja kwa sababu yangu niliikalia ikavunjika, anavaa yeye ananisomea habari za jumba la makumbusho, navaa mimi namsomea habari za kanisa la kale, tunabishana kama daraja hili ndilo lile la jana, na mtu ambaye kwa miaka nilimjua kwa neno chumvi sasa ananiambia alipokuwa mdogo alitamani kuwa nahodha wa meli. Mimi mke wake sikuwahi kulisikia hilo. Nimezaa naye, nimezika wazazi pamoja naye, na hilo la meli nimelisikia kwa sababu ya mnara wa watu.

Ratiba sasa. Baba watoto ameipanga ziara yetu kama anampeleka mwanafunzi kwenye mtihani. Kabla hakujapambazuka tumeshatoka, mnara, madaraja yote kwa miguu, jumba la makumbusho, boti ya wazi mtoni upepo ukikupiga uso, halafu makaburi ya watu maarufu. Nikamwuliza huko makaburini tuna msiba gani. Akasema kila mgeni hupita. Na nimesoma kwamba huko jua la majira hayo huchoka mapema, alasiri tu kumeshakuwa giza, kwa hiyo hao marehemu tutawazuru kwa tochi.

Tukawa tunaenda vizuri mpaka wifi akasikia. Wifi ni dada yake mkubwa, muuza vitambaa, mjane, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Yeye ndiye mtaalamu wetu wa Ulaya, kwa sababu zamani alibadilisha ndege katika mji huo huo, akauona wote kupitia kioo cha uwanja wa ndege. Hakuomba kuja, alitangaza. Wiki hiyo hiyo akanunua koti jekundu la kufika vifundoni, na siku hizi akija kwetu analivaa sebuleni kujizoeza, huku amewasha feni. Na mume wangu, ambaye anaweza kusimamisha lori kwenye mteremko, kwa dada yake hana breki. Akaniambia tu, "Nimebadilisha chumba. Kuna cha vitanda vitatu." Kwa hiyo hayo ndiyo matembezi yangu na mume wangu baada ya kulea, mimi, yeye na wifi anayekoroma.

Hayo ningeyameza, nimemeza makubwa zaidi. Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Baba watoto aliona inafaa tujizoeze baridi, na muuza nyama wa hapa mtaani alijifunza gari kwake, ana chumba baridi cha kutundikia nyama, akatukubalia tuingie. Fikiria watu wazima watatu wamevaa makoti katikati ya mbavu za ng'ombe zilizoning'inia, wifi anatuhutubia namna Wazungu wanavyopumua kwa pua, mara nikahisi vidole vyangu havipo. Nikavua glavu nikaviona, vyeupe, vyeupe kama mshumaa, halafu tulipotoka vikawa kama buluu, halafu vikawaka moto kama vinachomwa sindano. Nikaviingiza mfukoni. Baba watoto akaniuliza, "Mbona unaficha mikono?" Nikamwambia, "Nimepaka mafuta, yasije yakaharibu koti." Akaniangalia kidogo. Kisha akasema, "Haya."

Nilikwenda moja kwa moja saluni, kitana kikanidondoka, nikakiokota, kikanidondoka tena, mteja wangu wa siku nyingi akaniambia, "Dada, leo mikono yako imezeeka kuliko uso." Tukacheka. Nikajifanya naenda kuchota maji nikakaa stoo mpaka vidole vikarudi. Na sasa kila nikishika kitu kutoka kwenye friza vinakuwa vile vile, ila siku ile ya kwanza nilijidanganya ni woga.

Mikono hii ndiyo imewasomesha wanangu, mshauri. Lakini nikimwambia siwezi baridi, najua atakachosema, atasema "Sawa," hatagomba, atafuta zile picha, na kesho yake tutarudi kwenye chumvi. Na wifi ameshanusa. Juzi aliniona nimeshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, akasema, "Wifi, wewe na baridi hamuelewani. Kama huwezi sema mapema, usije ukamharibia mdogo wangu safari. Nafasi yako haitaoza, nina shoga yangu yuko tayari." Shoga yake, mshauri, katika kitanda changu cha tatu.

Je, nifunge mdomo niende, vidole vikinikatikia huko basi vimekatikia mbele ya mnara, au niseme nibaki nyumbani, nao wakapige picha bila mimi? Wateja wangu wote nimeshawaambia, kuna wengine nimewasuka nikiwaahidi kuwaletea zawadi. Nishauri kama ndugu, wala usinionee haya.

Ni mimi, Msusi Nisiyetaka Kuganda

MSHAURI ANAJIBU

Msusi wangu, nimecheka kama ulivyoniruhusu. Nimemaliza. Sasa nisikilize.

Umeficha jina la mji ili wifi asikutambue, kisha ukaandika msusi, mwalimu wa udereva, Breki, muuza vitambaa na koti jekundu. Hongera kwa kutunza siri. Ukiwa unasoma hapa, wifi ameshafika aya ya pili na anatafuta simu yake. Kwa hiyo lile swali lako la kusema au kutosema limekwisha. Utasema leo, au mumeo ataambiwa na dada yake kwa sauti ya kuvuka barabara. Chagua.

Tuje kwenye kosa lako. Feni umeieleza, koti umelipima mpaka vifundoni, kukoroma umekutaja, na jambo la vidole kuwa vyeupe umeliacha chini kabisa kama mtu anayetaja homa wakati anaaga. Unaishi kwa vidole hivyo. Mteja akija kwako kichwa kinamtoka damu, wewe ungeanza kumsifia viatu? Mimi si daktari na sitajifanya daktari gazetini. Vidole vinavyobadilika rangi hivyo kila vikiguswa na baridi vinatakiwa kuonwa na daktari. Mweleze kazi yako, mweleze kila kitu unachotumia pale saluni, mweleze chumba cha nyama, usione aibu, amesikia ya ajabu zaidi. Mwulize wazi kama unaweza kusafiri na ujikinge vipi. Asemalo yeye ndilo la kufuata, hata likipingana na langu, na hasa likipingana na la wifi.

Kuhusu safari yenyewe, nani aliwaambia mji unaonekana siku moja tu ya mwaka? Ule mnara ni wa chuma, haujaaga. Mwende kwa wakala wa tiketi mkaulize kama tarehe zinaweza kusogezwa mpaka miti ichipue. Foleni itakuwepo, ndiyo. Mtapanga foleni mkiwa na vidole vyote.

Zikikataa kusogezwa na daktari akakuruhusu, basi ratiba ile ichanwe. Kutoka kabla ya mapambazuko ni kazi ya muuza maziwa. Ninyi mtatoka jua likiwa limeshakohoa. Mchana mnatazama kitu kimoja cha nje, saa zinazobaki ni za ndani, makumbusho, kanisa, soko lenye paa, duka la chai la kukaa mkitazama wapita njia wakiteleza. Boti ipandwe ile yenye vioo. Mikononi vaa zile glavu za mfuko, vidole vinalala pamoja vinapeana joto, na usisahau kwamba mwili ukipoa kifuani mikono nayo inapoa, kwa hiyo vaa nguo nyepesi nyingi moja juu ya nyingine, usitegemee koti moja la fahari. Makaburini msiende. Mkiwa na hamu ya marehemu, nyumbani kwenu hamkosi wa kuwaombea.

Wifi sasa. Simsemi vibaya, mjane naye ana haki ya kuona dunia nje ya kioo cha uwanja wa ndege. Lakini chumba chake kiwe chake na ufunguo wake. Na asiyekuwa na wa kulala naye ajifunze kukoroma peke yake. Atakayemwambia hilo ni mdogo wake, wewe usifungue mdomo. Ukilisema wewe litakuwa ugomvi wa mawifi mpaka wajukuu waurithi. Akilisema yeye ni neno la ndugu, atanuna, kisha atataka kujua chumba chake kiko ghorofa ya ngapi. Huyo shoga wa akiba naye arudi kwake.

Na wewe Breki, maana ukurasa huu mkeo atakuwekea karibu na sahani, umefanya jema kuweka akiba kwa ajili ya mkeo. Lakini uliona mikono imefichwa, ukauliza, ukaambiwa mafuta, ukasema haya. Mwanafunzi wako akikuambia hakuona taa nyekundu kwa sababu ya mafuta, ungesema haya?

Nirudi kwako, dada. Unaogopa kwamba mji ule ukiondoka, maneno ya mumeo nayo yataondoka. Mji haukufanya lolote, haujui hata kama mpo. Mlikuwa mnalea, mkachoka, kisha watoto wakaondoka, nanyi wawili kila mmoja akamwogopa mwenzake kidogo. Mkajikuta kochi moja mnagombania miwani. Yale ya meli hakuyatoa makumbusho. Aliyatoa kwa sababu ulikuwa umekaa pale na ulikuwa unamsikiliza. Na mtu anayekuambia alitamani kuwa nahodha, wewe unamlipa kwa kumwambia umepaka mafuta. Yeye kafungua mlango, wewe umeingia na kujificha nyuma ya mlango huo huo.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo akitoka kazini usimngoje mezani. Nenda kamsubiri pale wanapoegesha magari ya shule yao ya udereva, uingie ukae kiti cha mwanafunzi, kwa sababu ndani ya gari ndiko amezoea kusikiliza. Simu iwe mfukoni. Usianze na dada yake, usianze na vitanda. Mwambie, "Nataka kwenda na wewe. Mikono yangu inaniogopesha, na nilikudanganya. Kesho nipeleke hospitali." Basi, usiongeze chochote, usicheke kupunguza uzito, usimwambie si kitu. Kisha mwache atafute neno lake mwenyewe, hata magari yote yakiisha uwanjani.