Ustadhi Ergashali, Watoto wa Sataranji Bado Wanakuja

Baba, mwaka umetimia tangu ulipotutoka, asubuhi ile miaprikoti ya mji wetu wa Margilon ikichanua. Mtaani bado wanakuita Ustadhi. Sisi bado tunakusikia ukimtania mtoto aliyesogeza kete kwa pupa: "Unakimbilia wapi, mwanangu? Pilau haijaiva."

Shuleni ulifundisha hesabu, lakini moyo wako ulikuwa kwenye sataranji. Chai uliisahau mpaka ikapoa, Mama akaipasha moto akinung'unika, nawe ukaisahau tena.

Siku ya mazishi yako, watoto uliowafundisha sataranji walitusimulia jambo ambalo hukuwahi kulitaja nyumbani.

Yalikuwa mashindano ya dunia ya timu za vijana, ugenini, kwenye baridi kali. Timu uliyokuwa kocha wake ilifungwa mechi baada ya mechi. Moja iliponyoka kwenye ubao wa Nafosat, binti mdogo kuliko wote, aliyekuwa ameushika ushindi mkononi akauachia. Kwenye chakula hakuna aliyekaa karibu naye. Shohjahon, mkubwa wao, alisema heri binti huyo angebaki kwao kulea wadogo zake. Binti akaondoka mezani, akaenda kufunga mizigo.

Hukumgombeza mtu. Ulipanga kete palepale, katikati ya sahani, kama zilivyokuwa kabla ya kosa lile, ukamwambia Shohjahon autafute huo ushindi. Akatafuta mpaka supu ikaganda mafuta, asiuone. Wenzake wakainama kumsaidia, nao wakapotea. Mwishowe alikwenda mwenyewe kubisha mlango wa Nafosat.

"Dada, njoo utuonyeshe ulichokuwa unafikiria," alisema. "Sote tumekwama."

Asubuhi kiongozi mmoja wa chama cha sataranji akapiga simu, akaamuru binti atolewe, aingie mchezaji wa akiba. Ulimjibu kwa adabu, watoto wakisikia: "Mtoto aliyeanguka simtoi akiwa bado chini. Kama lazima mtu atoke, nitoke mimi."

Nafosat alicheza siku ile mpaka ukumbi ukabaki karibu mtupu, akatoka sare na msichana aliyemzidi kwa kila hali. Nusu pointi ya sare hiyo ndiyo iliyoipa timu ushindi wake wa kwanza. Shohjahon alimbebea koti mpaka kwenye basi.

Medali hamkupata. Nawe uliporudi, ukaondolewa kweli kwenye ukocha. Sisi ulituambia tu kwamba umechoka na safari. Ukaweka meza uani, chini ya mzabibu, na watoto wakakufuata huko huko.

Bado wanakuja, Baba. Wanakanyaga vitunguu vya Mama, wanagombania viti, wanamaliza mkate. Muqaddas, binti yako, ndiye anayewafundisha sasa. Ni mkali kuliko wewe, wanasema, ila naye husahau chai.

Mwaka huu viongozi wapya wa chama walimwomba asafiri na timu. Aliogopa, akasema viatu vyako ni vikubwa kwake. Mama akamwambia hakuna aliyemwomba avae viatu vya mtu, aende na vyake. Akaenda. Nafosat alikaa ubao wa kwanza, ule wa mchezaji hodari kuliko wote.

Mechi ya kwanza walifungwa vibaya. Mama alipopiga simu hakuuliza habari ya matokeo. Aliuliza watoto wako vipi.

"Wamelia kidogo, Mama," Muqaddas alimjibu. "Sasa wanakula, wanabishana, na hakuna hata mmoja anayetaka kurudi nyumbani."

Mama akaweka simu chini. Alikuombea dua, akajifuta macho, kisha akatuita na sisi tukale.

Unakumbukwa na mkeo Mavjuda, wanao Muqaddas na Behzod, mkweo Lobar, mjukuu wako Imona, aliyeanza juzi kujifunza mwendo wa kete ya farasi, dada yako Hojar, majirani, na watoto wote wa uani.

Mwenyezi Mungu akurehemu, Ustadhi wetu. Maadamu mlango wetu uko wazi, daima tutakukumbuka.