Marinda Niliyoyapiga Pasi

Jumapili, jioni. Manyunyu tangu asubuhi, mtaa wetu wa Picha ya Ndege wote ni tope.

Sketi yangu ya shule iko kitandani, vipande vipande, na kesho ndiyo siku yangu ya kusoma insha paredi.

Ilikuwa ya dada. Imepauka, na mwaka huu imeanza kunibana kiunoni. Likizo iliyopita bibi alinifundisha kushona kule kwake Maneromango, nikajiona nimeshajua. Jana nikaamua nifumue marinda, nigeuze kitambaa ili upande wa ndani, wenye rangi bado, uje nje, kisha nishone upya kwa mkono. Nilitaka nisimame mbele ya shule nzima bila kuvuta shati kuficha zipu isiyofunga.

Nikafumua marinda yote kwa mkupuo. Kitambaa kilikuwa kimejaa mikunjo, nikakipiga pasi ya mkaa mpaka kikanyooka kama ukurasa ambao haujaandikwa.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Nilipotaka kukunja upya, sikuona hata mstari mmoja wa kunionyesha rinda linaanzia wapi. Nikakisia. Kiuno kikawa kipana, tungeingia mimi na mama. Nikafumua, nikakunja tena. Safari hii sketi haikupita mapajani.

Leo nikampigia bibi simu.

"Mke mwenzangu, uliweka alama za chaki kabla ya pasi?"

"Hapana, bibi."

"Ehee! Umejifutia njia mwenyewe. Ilete huku."

Niipeleke vipi? Mvua ikinyesha hivi, barabara ya Maneromango haipitiki.

Neema, jirani ninayesoma naye, ni mfupi. Sketi yake kwangu inaishia juu ya magoti, ningerudishwa getini. Basi nikampa insha aisome yeye.

"Umelogwa? Si ndiyo hii uliyokuwa unawasomea mbuzi wa mama yako?"

Nikamsukumia karatasi mkononi. Ningefungua mdomo ningelia.

Mimi huwa naogopa hata kunyoosha mkono darasani. Mwalimu akiniita jina, nainamia daftari. Lakini hii nilikuwa naitaka.

Niliitaka kweli.

Kesho Neema atasoma maneno yangu. Anasoma vizuri, sauti yake inafika mbali. Mimi nitakuwa hapa, nimejifunga kanga, nakisia marinda. Kama watapiga makofi, sitasikia.