Panya niliyetaka kumpiga

Ndugu yangu, nimetoka dukani mikono mitupu.

Unajua panya wanavyonimalizia chakula cha kuku stoo. Leo nikaenda kuchagua bunduki ya upepo. Muuzaji akaweka mbili mezani, akauliza, "Unapiga nini, na kwa umbali gani?"

Nikainua moja, nikamjibu, "Panya. Anaingia usiku, hatua kumi kutoka mlangoni. Nataka isiyo na kelele, mke wangu asishtuke. Na darubini ya kuonea gizani, nimlenge kichwa afe palepale."

Kumbe mama mkwe yuko nyuma yangu, kafuata betri za redio.

Mama mkwe. Nyuma yangu. Na yule shemeji yangu, kitinda mimba wake, mtaa mzima unamwita nani? Panya.

Kaning'ang'ania mkono wenye bunduki. "Mkwe wangu, usimuue. Ni damu ya mkeo."

Nikasema, "Mama, mimi nasema panya. Panya wa mkia."

Wapi. Hanisikii. "Nilimkanya mimi. Nilimwambia aiache stoo ya shemeji yake. Yale magunia mawili ya chakula cha kuku yako chini ya kitanda changu, njoo uyachukue leo leo."

Chini ya kitanda chake, bwana. Na mimi mwezi mzima nawatega panya wasio na kosa.

Muuzaji naye, "Mzee, kama panya mwenyewe ndiye huyo, darubini ya nini tena?"

Mama mkwe ameshatangulia kwangu, analia njia nzima. Mke wangu nimwanzie wapi?