Birika la Mkono wa Kushoto

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Jacklyne Aloo. Umri: miaka 46. Kazi: mfinyanzi. Makazi: Kaloleni, Nairobi.
Mbele ya Konstebo Mulongo, tarehe 16 Juni 2025.

Mimi ni mjane. Pamoja na binti yangu Elsie, mwenye miaka kumi na tisa, tunafinyanga mabirika ya Kijapani, kazi niliyofundishwa na mwalimu Mjapani aliyekuwa na karakana mtaa wa Jericho. Mpini wa birika hilo hutoka ubavuni, na huwekwa kwa mtu wa mkono wa kulia. Elsie ni wa kushoto. Mwaka huu alifinyanga lake, mpini akauhamishia upande wa pili. Kichujio alikitoboa kwa sindano, tundu moja moja. Kifuniko alikisaga kwa mchanga laini juu ya birika lenyewe mpaka kikakaa bila kucheza. Mimi sijawahi kuthubutu kuuhamisha mpini.

Mnamo tarehe 15 Juni, Jumapili, mwendo wa saa tisa alasiri, alikuja nyumbani shemeji yangu Jackton Owiti, ndugu mkubwa wa marehemu mume wangu, na wazee wawili wa kanisa. Elsie akawaandalia chai kwa birika lake. Shemeji akatania, "Chai gani hii haina maziwa? Ng'ombe wamekufa?" Hata mimi nilicheka.

Kisha akaona mkono unaomimina. "Mama Elsie, unaacha mtoto ahudumie wazee na kushoto?"

Elsie akasema, "Baba mkubwa, nikishika na kulia itamwagika."

"Basi imwagike." Akainua bakora, akampiga vidoleni. Birika likaanguka likavunjika.

Hospitalini tumeambiwa vidole viwili vimevunjika, na kimoja huenda kisikunjike tena. Kwa kazi yetu, hiyo ni kumkata mkono. Leo asubuhi wazee wale wamenipigia simu: eti haya ni mambo ya nyumbani, shemeji ataleta mbuzi. Mbuzi! Nina uchungu na hasira, naomba hilo nalo liandikwe.

Mimi pia nilizaliwa wa kushoto. Mama alinifunga mkono kwa leso mpaka nikazoea kulia. Mama hakujua ubaya wake. Shemeji aliambiwa, akapiga.

Nimeleta vigae, na kifuniko, ambacho hakikuvunjika. Hakitafaa birika lingine lolote.

Haya ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu. Nimesomewa, na sitaondoa neno hata ukoo mzima ukija.

Sahihi: J. Aloo

Maandishi ya afisa: Nimepokea vigae na kifuniko kama vielelezo. Shahidi alianza kutia sahihi kwa mkono wa kulia, akasita, akahamishia kalamu kushoto. Sahihi haisomeki vizuri. Nathibitisha ni yake.
Konstebo Mulongo