Mukono wa Amisi

Mujukuu wangu Zaina,

Huku Kasongo tuko wazima, na mihogo imekauka vizuri. Unauliza ufanye nini mutoto wako anapokuna kovu lake la moto.

Wakati wa utawala wa Wabeleji, ndugu yangu mudogo Amisi alimwagikiwa mafuta ya mawese ya moto mukononi. Kidonda kilipona, lakini kovu likawasha sana. Mama akamufunga mikono asijikune. Kilio chake kikanishinda. Nikamufungua, nikaweka kitambaa chenye maji ya mutungi, nikapaka mawese yale yale, sasa baridi, nikapigapiga kwa kiganja mpaka akasinzia. Kila siku. Nilikuwa na miaka tisa!

Munganga wa hospitali alipoona kovu limelainika, akauliza, "Nani anatunza ngozi hii?" Mama akanisukuma mbele.

Amisi sasa ni muzee. Akinisalimia, ananipa mukono ule ule.

Koko yako, Mwamvua